Mildred Trotter: mwalimu wa mifupa aliyewarudishia wafu majina yao

Wiki hii sizungumzii ugonjwa. Nazungumzia mifupa, na mwanamke mmoja aliyeishi nayo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Siku hizi vijana wengi wanatazama filamu za upelelezi kwenye televisheni, kisha wanawaambia wazazi wao kwamba wanataka kusomea kazi ya kutambua watu kwa mifupa. Mzazi anashtuka. Kazi gani hiyo? Mtoto wa kike ataiweza kweli? Na atakula nini? Ningeweza kukupa orodha ya masomo nikamaliza, lakini orodha haimwonyeshi mtoto kazi yenyewe ilivyo. Nakusimulia maisha ya Mildred Trotter, maana ndani yake somo zima lipo, pamoja na kosa lake kubwa.

Kwanza tuelewane. Taaluma hii huitwa anthropolojia ya uchunguzi wa jinai. Mwili ukipatikana ukiwa umebaki mifupa tu, kwa sababu ya moto, ajali, vita au miaka kupita, daktari wa kawaida wa maiti hana nyama ya kuchunguza. Hapo ndipo anapoitwa mtu wa mifupa. Anajiuliza maswali machache: huyu alikuwa mwanamume au mwanamke? Alikuwa na umri gani? Urefu wake je? Aliwahi kuvunjika wapi, akaugua nini? Majibu yakipatikana, orodha ya watu mia waliopotea inaweza kupungua hadi watatu au wanne. Vinasaba humalizia kazi, lakini hata vinasaba vinahitaji ndugu wa kulinganisha nao, na huwezi kumwita ndugu usiyemjua.

Sasa tumrudie Trotter. Alizaliwa tarehe 3 Februari 1899 katika mji mdogo wa Monaca, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alianza masomo katika shule ya kijijini yenye chumba kimoja, watoto wa madarasa yote wakiwa pamoja. Baadaye akaenda Mount Holyoke, chuo cha wanawake, akasoma elimu ya wanyama, akahitimu mwaka 1920.

Alipomaliza alikuwa na nafasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa kufundisha baiolojia katika shule ya sekondari, kwa mshahara mzuri. Ya pili ilikuwa kuwa msaidizi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, kwa mshahara mdogo kuliko ule. Akachukua ya pili. Mzazi wa Kiafrika angelia, najua.

Utafiti wenyewe haukuhusu mifupa hata kidogo. Ulihusu nywele. Mfadhili mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe alitoa fedha ili ichunguzwe kwa nini baadhi ya wanawake huota nywele nyingi usoni. Trotter alifanya kazi hiyo chini ya mwanasayansi C. H. Danforth, akapata shahada ya uzamili mwaka 1921 na ya uzamivu mwaka 1924.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo linalowahusu kinamama moja kwa moja. Mwaka 1928 Trotter alichapisha utafiti kuhusu kunyoa. Alichukua wanaume wanne, wakanyoa ndevu kwa utaratibu aliouweka, na nywele zilizonyolewa zikakusanywa na kupimwa. Hakuona dalili yoyote kwamba kunyoa kunafanya nywele ziwe nene zaidi, nyeusi zaidi au ziote haraka zaidi. Watafiti waliokuja baadaye wakapata jibu lilelile. Nywele huota kutoka kwenye shina lililo chini ya ngozi, na wembe haufiki huko. Ukinyoa, ncha inayobaki ni butu, ndiyo maana ukipapasa unahisi ugumu.

Kwa hiyo, mama, ukimnyoa mtoto siku ya saba au siku ya arobaini kwa sababu ya dini au mila ya nyumbani, mnyoe kwa amani, wembe uwe mpya na mkono uwe mwepesi. Ila usimnyoe tena na tena ukitegemea atapata nywele nyingi. Zile alizozaliwa nazo zingedondoka zenyewe tu.

Mwaka 1925 Trotter alikwenda Oxford, Uingereza, akiwa amekusudia kuendelea na nywele zake. Profesa Arthur Thomson wa huko akamshawishi achunguze mifupa badala yake. Palikuwa na mifupa ya makumbusho kutoka Misri ya kale na kutoka Uingereza ya zama za Warumi. Akakubali, na hakurudi nyuma tena.

Aliporejea St. Louis mwaka 1926 akawa mwalimu wa anatomia, yaani somo la maumbile ya mwili ambalo kila mwanafunzi wa udaktari hulianza kwa kuupasua mwili wa marehemu. Mwaka 1930 alipandishwa cheo kuwa profesa mshiriki. Kisha akakaa hapohapo. Mwaka ukapita, miwili, mitano, kumi. Wanaume wakapanda, yeye akabaki. Ilipofika miaka kumi na sita alimwendea mkuu wa idara na kumuuliza waziwazi ni kitu gani anakosa. Kamati ikaundwa kuchunguza kazi zake, na mwaka 1946 akawa profesa kamili, mwanamke wa kwanza kufikia cheo hicho katika shule ile ya udaktari. Binti yako akikuuliza kama wanawake huiweza kazi hii, msimulie hilo, na usimfiche ile miaka kumi na sita.

Chuoni hapo palikuwa na hazina moja. Profesa Robert Terry alikuwa ameanza kuhifadhi mifupa ya watu waliofundishiwa wanafunzi, kila mmoja akiwa na kumbukumbu ya umri, jinsia na chanzo cha kifo. Terry alipostaafu mwaka 1941, Trotter aliichukua kazi hiyo na kuiendeleza. Ilipokamilika, ilikuwa na mifupa ya watu 1,728. Kwa mtafiti wa mifupa, hiyo ni sawa na maktaba ambayo kila kitabu kina majibu nyuma yake: unakisia umri kwa kutazama nyonga, kisha unafungua kumbukumbu kuona kama umepatia.

Lakini tusiifunike sehemu ya pili ya habari. Wengi wa watu wale walikuwa maskini, na kati yao Wamarekani weusi walikuwa wengi. Walifia hospitalini, hakuna ndugu aliyejitokeza kuwazika, na kwa mujibu wa sheria za wakati ule miili yao ikapelekwa chuoni. Hawakuulizwa. Leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hili, na nadhani wana haki ya kubishana. Trotter mwenyewe baadaye aliingia kwenye bodi ya jimbo la Missouri iliyosimamia miili ya kufundishia, akapigania sheria ya kumwezesha mtu aliye hai kuamua mwenyewe kuutoa mwili wake kwa ajili ya elimu.

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa jina.

Vita Kuu ya Pili iliacha maelfu ya askari wa Marekani wamezikwa kwenye visiwa vya Bahari ya Pasifiki, wengi haraka haraka, wengine bila alama. Vita vilipokwisha miili ilianza kufukuliwa, na familia zikaambiwa zichague: arudishwe nyumbani, au azikwe kwenye makaburi ya kijeshi ya kudumu ng'ambo. Lakini utamrudisha nani, kwa mama yupi, kama hujui ni nani?

Mwaka 1948 Trotter aliomba likizo chuoni, bila mshahara, akaenda Hawaii kwenye maabara ya jeshi. Alikuwa na umri wa miaka 49. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kazi yake ilikuwa hiyo: meza, mifupa, rula, kalamu. Anapima, anaandika, analinganisha na faili la askari. Meno yanalingana na kadi ya daktari wa meno? Mkono uliovunjika utotoni umeandikwa? Urefu unakubaliana?

Na kwenye urefu ndipo alipoona tatizo. Vipimo vya kukadiria urefu vilivyokuwa vikitumika vilitokana kwa sehemu kubwa na maiti mia moja zilizopimwa Ufaransa katika karne ya 19. Maiti si kipimo kizuri. Mtu akifa viungo hulegea, na mwili uliolazwa huwa mrefu kuliko mtu huyohuyo alivyokuwa akisimama. Tofauti hiyo ni kama sentimita 2.5. Isitoshe, wale wa Ufaransa hawakuwa na mwili sawa na vijana wa Marekani wa miaka ya 1940.

Trotter alikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho kabla yake. Kila askari alipimwa urefu akiwa hai siku alipojiunga na jeshi. Kwa wale ambao utambulisho wao ulithibitishwa, alikuwa na urefu wa mtu aliye hai kwenye karatasi na mifupa ya mtu huyohuyo mezani. Akaliomba jeshi ruhusa ya kuchukua vipimo kwa ajili ya sayansi, akaruhusiwa.

Aliporudi alishirikiana na mtaalamu wa takwimu, Goldine Gleser, na mwaka 1952 wakachapisha kanuni zao. Nitakuonyesha moja, nayo haihitaji zaidi ya hesabu za shule ya msingi. Chukua mfupa wa paja wa mwanamume Mmarekani mweupe, upime kwa sentimita, zidisha kwa 2.38, kisha jumlisha 61.41. Mfupa wa sentimita 45 unakupa mtu wa sentimita 168.5. Kwa watu kama wawili kati ya watatu, jibu halitakosea kwa zaidi ya sentimita 3.27 juu au chini. Kwa Wamarekani weusi, kanuni yao ilizidisha kwa 2.11 na kujumlisha 70.35, na mfupa uleule unatoa sentimita 165.3. Tofauti hiyo inatokana na uwiano wa miguu na kiwiliwili, ambao hutofautiana kati ya watu na watu.

Ndiyo maana huwezi kuchukua kanuni ya St. Louis ukaitumia Singida au Kisumu bila kuuliza. Hapa kwetu kazi hiyo ilianza mapema. Mwaka 1961 David Allbrook, aliyefundisha anatomia Makerere, alichapisha utafiti wa kukadiria urefu wa wanaume wa Afrika Mashariki kwa mifupa. Na mwaka 1963 Trotter mwenyewe alikuja Kampala akiwa profesa mgeni hapo Makerere, wakati ambao madaktari wengi wa Tanganyika na Kenya walikuwa wakisomea huko.

Katika kazi ile ya urefu, Trotter na Gleser waligusa jambo jingine linalomhusu kila mmoja wetu: tunafupika. Walikadiria kwamba baada ya miaka 30 mtu hupoteza sentimita 0.06 kwa mwaka, yaani kama nusu sentimita na kidogo katika kila miaka kumi. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba haiendi sawasawa hivyo; mwanzoni ni polepole sana, kisha huongeza kasi uzeeni. Kufupika kidogo ni kawaida. Ila kama bibi au babu amepungua sentimita nne au zaidi kulinganisha na ujana wake, au mgongo umeanza kujikunja na unauma, mpeleke hospitali. Inawezekana pingili za mgongo zimebonyea kwa sababu mifupa imepoteza madini, na hilo lina tiba ya kulipunguza makali. Miaka yake ya mwisho ya utafiti Trotter aliitumia kupima hayohayo: uzito na madini ya mifupa, kuanzia kijusi tumboni hadi mzee kabisa.

Na umri unajulikanaje? Hapa wazazi wasikilize vizuri. Mtoto huzaliwa na vipande kama 300 vya mifupa na gegedu. Mtu mzima ana mifupa 206. Vipande havikupotea, vimeungana. Kwenye ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu ambalo ndilo linalorefusha mfupa. Kila tabaka lina wakati wake wa kufunga. Magotini hufunga katika ujana, kwa wasichana mapema kuliko wavulana. La mwisho kabisa ni la mtulinga, upande wa kifuani, ambalo huweza kukamilika mtu akikaribia miaka 30. Anayechunguza mifupa husoma ratiba hiyo, pamoja na meno, na kwa mtoto anaweza kukaribia sana umri wake. Jinsia ya mtoto, kinyume chake, ni ngumu kuisoma kwenye mifupa kabla ya kubalehe, na mtaalamu mwaminifu huandika hivyo kwenye ripoti.

Kwa aliye hai, tabaka hilo lina maana nyingine. Mtoto akianguka na kuvimba karibu na kifundo cha mkono, kiwiko, goti au kifundo cha mguu, usimpeleke kukandwa. Huenda tabaka la kukua limeumia, na likifunga vibaya mfupa huo unaweza kuacha kurefuka au ukakua upande. Eksirei moja ya mapema ina thamani kuliko miezi ya kukanda.

Mifupa na meno hubaki na kumbukumbu za utotoni pia. Matege yaliyosababishwa na ukosefu wa vitamini D huacha mfupa umepinda. Homa kali au njaa ya muda mrefu katika miaka ya kwanza inaweza kusimamisha utengenezaji wa ngozi ngumu ya jino la kudumu, na mstari wake ukaonekana jino linapoota miaka kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo nakusihi: kadi ya kliniki, picha za eksirei na kumbukumbu za daktari wa meno usizitupe. Familia zilizopoteza watu kwenye ajali za moto zinajua karatasi moja ya aina hiyo inavyotafutwa.

Kwa kijana anayetaka kuifuata njia hii, utaona kwamba Trotter alianzia kwenye elimu ya wanyama, si kwenye maiti. Baiolojia na hisabati ndizo nguzo. Mlango unaweza kuwa udaktari, anatomia, au akiolojia, ambayo hufundishwa pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utaalamu wenyewe wa mifupa huja juu ya hapo, na saa nyingi ni za kupima na kuandika, wala si za kukimbizana na wahalifu kama kwenye filamu.

Trotter aliongoza chama cha wanaanthropolojia wa maumbile wa Marekani, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka 1956 akapewa nishani ya Viking Fund. Alistaafu mwaka 1967, na mwaka huohuo ile mifupa 1,728 ikahamishiwa kwenye taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Alifariki tarehe 23 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 92. Hakuzikwa mara moja. Alikuwa ameacha maelekezo kwamba mwili wake upelekwe shule ileile ya udaktari alikofundisha.

Nilikuahidi kosa. Shika upande wa ndani wa kifundo cha mguu wako, pale penye nundu ngumu. Hiyo ni ncha ya chini ya mfupa wa muundi. Trotter aliandika kwamba alipoupima mfupa huo aliihesabu nundu ile. Mwaka 1994 na 1995 Richard Jantz na wenzake walionyesha kwamba hakuihesabu. Vipimo vyake vya muundi vilikuwa vifupi kwa milimita kumi hadi kumi na mbili, na yeyote aliyepima mfupa huo kwa ukamilifu kisha akatumia kanuni yake, alimfanya marehemu kuwa mrefu kuliko alivyokuwa kwa takriban sentimita mbili na nusu hadi tatu. Kwa zaidi ya miaka arobaini maabara nyingi zilikuwa zimeitumia kanuni ile. Fikiria ni faili ngapi huenda ziliwekwa kando kwa kuonekana kwamba mtu aliyetafutwa ni mfupi mno.

Jantz na wenzake waligunduaje? Walikwenda Smithsonian, wakaitoa mifupa aliyoipima mwenyewe, kila mmoja na namba yake na kumbukumbu yake kama alivyoiacha, wakaipima upya.